Fungu Likikatwa, Askari wa Doria Huenda Wapi?

Tuanze na hesabu ya mezani. Unataka askari mmoja asimame kwenye kona moja ya mji usiku na mchana, siku saba za wiki. Wiki ina saa 168. Askari mmoja anafanya kazi saa 40. Gawanya: unahitaji askari wanne na kidogo, na hapo hujahesabu likizo, ugonjwa, mafunzo, wala siku anazokaa kwenye benchi la mahakama akisubiri kuitwa kutoa ushahidi. Ukiziongeza hizo, askari mmoja anayeonekana ni askari watano au sita wanaolipwa. Mwananchi anaona mmoja, Hazina inaona sita. Ugomvi mzima wa kupunguza bajeti ya polisi unaanzia kwenye tofauti hiyo ya macho.

Julai 2010 ofisi ya wakaguzi wa polisi wa England na Wales ilitoa takwimu iliyowashtua wengi: wakati wowote ule, ni askari 11 tu kati ya 100 waliokuwa wakionekana na kupatikana kwa raia. Waliobaki walikuwa zamu nyingine, likizoni, kwenye upelelezi, wakilinda mahabusu au wakiandika. Aliyetaka kukata alisoma hapo kwamba kuna mafuta ya kupunguza. Aliyekuwa ndani ya gari la doria alisoma kwamba tayari wako wachache. Wakaguzi wenyewe walikadiria kwamba inawezekana kuokoa kama asilimia 12 ya gharama bila raia kupungukiwa, mradi vikosi vijipange upya. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo Waziri wa Fedha, George Osborne, alisimama bungeni akatangaza kwamba ruzuku ya serikali kuu kwa polisi itashuka kwa asilimia 20 ndani ya miaka minne, kwa thamani halisi, yaani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Makala haya yanahusu pengo lililopo kati ya 12 na 20.

Kwa nini niende Uingereza ilhali kwetu mifano haikosekani? Msomaji wa Temeke au Nakuru aliyewahi kuambiwa achangie mafuta ndipo gari la polisi litoke hahitaji somo la bajeti. Lakini kwetu uhaba ni wa siku zote, huna "kabla" ya kulinganisha na "baada". Kule walikuwa na jeshi la polisi lililoshiba, likabanwa kwa miaka minane, kisha likajazwa tena kwa haraka, na muda wote huo kila kichwa kikahesabiwa na kuchapishwa. Ni kama jaribio la maabara, ila waliofanyiwa hawakuombwa ridhaa.

Mstari wa mbele ni upi?

Wanasiasa waliahidi kwamba "mstari wa mbele" utalindwa. Neno tamu, lakini hakuna aliyekuwa na maana yake. Machi 2011 wakaguzi walilazimika kutunga moja: ni wale wanaokutana na raia kila siku na kuingilia kati moja kwa moja ili kulinda watu na kusimamia sheria. Sawa. Je, anayepokea simu ya dharura? Mpelelezi anayekesha na jalada? Fundi anayechomoa ujumbe kutoka kwenye simu ya mtuhumiwa? Wengine waliingia, wengine wakatoka, wengine wakawekwa katikati. Ukishaona mpaka unachorwa kwa kalamu ya risasi namna hiyo, ujue kifutio kipo karibu.

Chukua mama lishe mwenye wasaidizi watatu. Mmoja anaosha vyombo, mmoja anamenya vitunguu, mmoja anapokea pesa. Mwenye kibanda anasema: tubane matumizi, lakini jiko tusiliguse. Anamwondoa muosha vyombo. Siku ya kwanza chakula kinatoka kama kawaida na mwenye kibanda anatamba. Siku ya pili sahani zimekwisha, mama lishe anaacha sufuria motoni anakwenda kuosha. Jiko halijaguswa, ni kweli, ila mpishi hayupo jikoni. Polisi wa England na Wales walipitia jambo hilohilo, na sababu mojawapo ni ya kisheria.

Askari aliyekula kiapo kule si mwajiriwa wa kawaida. Anashika wadhifa chini ya Taji, na kwa hiyo huwezi kumpunguza kazini kwa sababu tu pesa imekwisha. Wafanyakazi raia unaweza: makarani, wapokea simu, wachambuzi wa taarifa, mafundi wa mitambo, wasindikizaji wa mahabusu. Sasa jiweke kwenye kiti cha mkuu wa kikosi. Karibu pauni 80 kati ya kila 100 zako zinakwenda kulipa watu. Umeambiwa ruzuku yako itashuka kwa asilimia 20, na kundi lako kubwa zaidi la watu haligusiki. Utafanya nini?

Walifanya mambo matatu kwa pamoja. Walisimamisha ajira mpya na kuacha wanaoondoka waondoke. Wakatumia kanuni kongwe, iliyojulikana kama A19, kuwastaafisha kwa lazima askari waliotimiza miaka 30 kazini. Suala hilo lilikwenda hadi mahakamani: mwaka 2014 baraza la ajira lilisema ni ubaguzi wa umri, mwaka uliofuata rufaa ikatengua. Kisheria wakuu walishinda. Kikazi, walikuwa wamewafungulia mlango wa kutokea watu waliojua kila familia yenye matatizo katika eneo lao. Na jambo la tatu, waliwapunguza raia.

Kati ya 2010 na 2017 zaidi ya mfanyakazi raia mmoja kati ya watano aliondoka. Askari wenyewe walishuka kutoka karibu 144,000 hadi karibu 123,000. Wasaidizi wa polisi jamii, wale wanaotembea mitaani na sare ya buluu bila mamlaka kamili ya kukamata, walishuka kutoka karibu 17,000 hadi karibu 10,000. Zitazame namba hizo kwa mpangilio wake: aliyekatwa zaidi kwa uwiano ni yule aliyekuwa rahisi kukatwa, ambaye ndiye alikuwa anajulikana kwa jina na muuza duka wa kona.

Na kazi ya karani haikuondoka na karani. Maelezo ya shahidi bado yalitakiwa kuchapwa, picha za kamera kukusanywa, mali iliyokamatwa kuandikishwa, mahabusu kupelekwa hospitali na mtu kukaa naye. Askari alikuwepo, akaambiwa afanye. Analipwa zaidi ya karani, anachapa polepole kuliko karani, na wakati anachapa hayupo barabarani. Kwenye daftari la wizara bado anahesabiwa kuwa askari.

Mifuko miwili

Kuna jambo moja ambalo kelele za kisiasa hulipita kwa haraka, nalo ndilo linaeleza kwa nini jirani mmoja aliumia na mwingine hakuhisi sana. England na Wales hakuna jeshi moja la polisi la taifa. Kuna vikosi 43, na kila kimoja kinakula kutoka mifuko miwili. Mfuko mkubwa ni ruzuku ya serikali kuu. Mwingine ni sehemu ya kodi ya halmashauri inayolipwa na kila kaya kulingana na thamani ya nyumba.

Serikali kuu ilikata mfuko wake kwa asilimia ileile kwa wote. Inaonekana haki. Lakini Surrey, kusini mwa London, ambako nyumba ni za bei mbaya, karibu nusu ya pesa za polisi zilikuwa zinatoka kwenye kodi ya kaya. Northumbria, kaskazini mwa nchi, kwenye miji ya viwanda na machimbo yaliyofungwa zamani, ilitegemea serikali kuu kwa sehemu kubwa mno. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa hesabu ilipotoa ripoti yake Septemba 2018, ruzuku ya serikali kuu ilikuwa imeshuka kwa asilimia 30 kwa thamani halisi, na mapato yote ya polisi kwa pamoja asilimia 19. Ila Northumbria ilikuwa imepoteza asilimia 25, Surrey asilimia 11. Mkasi mmoja, vidonda viwili, na kikubwa kilimwangukia mwenye ngozi nyembamba.

Mtu atasema: si waongeze kodi ya kaya? Sheria iliweka kizuizi, kwamba ukitaka kuipandisha kupita kiwango fulani kidogo lazima uwaulize wapiga kura. Bedfordshire ilithubutu. Mei 2015 wananchi wake waliulizwa kama wako tayari kulipa asilimia 15.8 zaidi kwa ajili ya polisi. Karibu asilimia 70 walikataa. Si kwamba hawakutaka askari. Ila kila mtu hupenda doria inayolipiwa na mwenzake, na kura ya siri ndiyo mahali pa kulisema hilo bila aibu.

Kona ilivyobaki tupu

Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Agosti 2011 London iliwaka moto, vurugu zikianzia Tottenham baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua Mark Duggan, na siku ya nne walimwagwa askari 16,000 barabarani. Wapo waliosema papo hapo kwamba ni matunda ya kubana matumizi. Si kweli kwa upande wa polisi. Makato yalikuwa hayajaanza kuuma. Ila wale askari 16,000 walionyesha kitu kingine: mji unapochemka, njia pekee ya kupata idadi kama ile ni kufuta likizo na kuazima kutoka vikosi vya jirani. Kadiri akiba ya watu inavyopungua, ndivyo uazimaji unavyokuwa wa kila wikiendi.

Makato yalianza kuonekana taratibu, kwa namna ambazo hazina picha nzuri ya gazeti. Vituo vilifungwa na majengo kuuzwa. London pekee, kati ya 2010 na 2022, vilifungwa vituo 126. Mwaka 2017 uliamuliwa mpango wa kubakiza kaunta moja tu ya wazi kwa raia katika kila wilaya ya jiji, 32 kutoka 73. Hoja ya waliofunga ilikuwa na mashiko: watu wachache walikuwa wanaingia kituoni kuripoti, wengi wanapiga simu au wanatumia mtandao, na jengo la zamani linakula pesa ya askari. Lakini mchumi Elisa Facchetti alipofuatilia vitongoji vya London vilivyopoteza kituo na kuvilinganisha na vingine, aligundua kwamba uhalifu mzito wa kutumia nguvu uliongezeka, ufumbuzi wa kesi ulipungua, na watu walipunguza kuripoti makosa madogo. Hili la mwisho ni la ajabu kidogo: kwenye takwimu, kituo kinapofungwa sehemu ya uhalifu inaonekana kama imepungua.

Maabara nayo. Serikali ilikuwa na taasisi yake ya uchunguzi wa kisayansi, iliyokuwa ikipoteza kama pauni milioni 2 kwa mwezi. Ikafungwa Machi 2012 na kazi kuachiwa soko. Mahakama za chini, zaidi ya nusu yake zilifungwa ndani ya mwongo huo, kwa hiyo askari wa mji mdogo aliyekuwa anavuka barabara kwenda kutoa ushahidi sasa anaendesha gari saa nzima, anasubiri, kesi inaahirishwa, anarudi. Hakuna mstari wa bajeti ya polisi unaoitwa "kesi kuahirishwa", lakini zamu ya siku ile imekwenda.

Wapelelezi waliumia zaidi ya wote, kwa maoni yangu, na walisemwa kidogo zaidi. Kazi ya mpelelezi ilikuwa ya kutamaniwa. Askari kijana alisubiri miaka kuipata. Makato yaliigeuza kuwa mzigo: majalada mengi, zamu zisizotabirika, na simu ya mkononi ya kila mtuhumiwa ikiwa na ujumbe maelfu wa kusomwa. Watu wakaanza kukataa kuomba nafasi. Machi 2017 ofisi ya wakaguzi wa polisi ilisema wazi kwamba upungufu wa wapelelezi ni tatizo la taifa zima, na kwamba baadhi ya vikosi vinapunguza uzito wa simu za dharura ili kuhalalisha kuchelewa kufika. Yaani mtu anapiga simu, tukio linastahili askari, lakini kwa kuwa askari hayupo tukio linaandikwa kuwa dogo.

Kwa mwaka ulioishia Machi 2015, makosa yaliyofika hatua ya mtuhumiwa kufunguliwa mashtaka yalikuwa kama 15 katika kila 100 yaliyoripotiwa. Miaka minne baadaye hayakufika 8. Hapa lazima niwe mwangalifu. Sehemu ya anguko hilo ni ya hesabu: mwaka 2014 wakaguzi waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya matano lilikuwa haliandikwi kabisa, wakawabana polisi, na vitabu vikajaa makosa ambayo zamani yasingeingia. Aidha, makosa ya kingono yaliyoripotiwa yaliongezeka sana, nayo ni magumu kuthibitisha. Hata hivyo, hakuna namna ya kuyapanga maelezo hayo yakafunika nusu nzima. Kwa aliyevunjiwa nyumba, kuripoti kukawa ni kupewa namba ya kumpelekea bima. Sisi tunaita RB, Wakenya wanaita OB. Kazi yake ni ileile ikiwa hakuna anayekuja kutazama dirisha lililovunjwa.

Je, uhalifu uliongezeka?

Swali hili ndilo lililowagawa watu, na kila upande ulikuwa na karatasi mkononi.

Serikali ilishika utafiti wa kaya, ambao kila mwaka huwauliza watu wenyewe kama wamekumbwa na uhalifu, bila kujali kama waliripoti. Kwa kipimo hicho uhalifu wa kawaida ulikuwa unashuka tangu katikati ya miaka ya 1990, na uliendelea kushuka hata askari walipokuwa wanapungua. Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama mbele ya chama cha askari mwezi Mei 2015 akawafananisha na yule kijana mchunga mifugo wa kwenye hadithi, anayepiga yowe la mnyama asiyekuwepo. Uhalifu umeshuka, askari wamepungua, basi tatizo liko wapi?

Tatizo liko mahali pawili. Kwanza, utafiti ule kwa miaka mingi haukuuliza juu ya utapeli wa mtandaoni. Ulipoanza kuuliza, ulifichua mamilioni ya matukio ambayo polisi wa mtaani hana habari nayo wala ujuzi. Pili, wastani wa nchi huficha kidonda cha mtaa. Visa vya kutumia kisu vilivyoandikwa na polisi viliongezeka kwa karibu asilimia 80 kati ya mwaka ulioishia Machi 2014 na ule ulioishia Machi 2019, vikapita 43,000. Vijana waliouawa walikuwa wamejikusanya kwenye vitongoji vilevile vichache.

Aprili 2018 serikali ilitoa mkakati dhidi ya ukatili wa mitaani, na karibu siku hiyohiyo waraka wa ndani wa wizara ukavuja. Ulisema kupungua kwa askari huenda kumechangia ongezeko hilo, ingawa si sababu kuu. Waziri wa wakati huo, Amber Rudd, alisema hajauona waraka. Sentensi ile ya waraka, ukiisoma bila ushabiki, ndiyo iliyo karibu zaidi na ushahidi nilioupata popote. Soko la dawa za kulevya lilikuwa limebadilika. Vituo vya vijana vilikuwa vimefungwa na halmashauri zilizobanwa na mkasi uleule. Shule zilikuwa zinafukuza watoto zaidi. Polisi ni uzi mmoja katika kamba.

Uzi huo una nguvu kiasi gani? Yapo majaribio mawili yanayopingana, na kupingana kwake kunafundisha. Mwaka 1972 mji wa Kansas City, Marekani, ulizigawa sehemu 15 za doria katika makundi matatu: kwingine magari ya doria yakaondolewa isipokuwa yakiitwa, kwingine yakaongezwa, kwingine yakaachwa yalivyo. Baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya kueleweka, si kwenye uhalifu wala kwenye hofu ya wakazi. Wakataji wa bajeti wanaupenda utafiti huo. Kisha kuna London ya Julai 2005. Baada ya mabomu ya treni na basi, askari walimwagwa katikati ya jiji kwa wiki sita, doria ikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 30. Wachumi watatu, Draca, Machin na Witt, walichunguza kilichotokea: uhalifu wa kawaida ulishuka katika maeneo yale, na askari walipoondolewa ukarudi. Makisio yao ni kwamba askari wakiongezeka kwa asilimia 10, uhalifu hupungua kwa asilimia 3 hadi 4.

Kansas City walikuwa wanazunguka na magari ovyo. London walikuwa wamesimama kwa miguu, mahali maalumu, wakionekana. Kwa hiyo idadi ina maana pale tu inapowekwa mahali fulani kwa kazi fulani. Na makato ya 2010 yalikula hasa aina hiyo ya pili: askari wa kata, anayejua mlango wa nani una mgogoro. Gari la dharura likabaki, kwa sababu simu ya dharura haiwezi kukataliwa. Mkuu wa kikosi akibanwa hana hiari. Anamtoa askari wa mtaani anamweka kwenye gari. Askari mmoja wa Manchester, aliyewahi kutuzwa kwa kazi yake ya polisi jamii, alimwambia May ana kwa ana katika mkutano uleule wa 2015 kwamba taarifa za mitaani, zikiwemo zile zinazosaidia kuzuia ugaidi, zinakauka. Miaka miwili baadaye, baada ya bomu la ukumbi wa Manchester Arena, kanda ya maneno yake ilisambaa tena. Haithibitishi kwamba askari zaidi wangezuia bomu lile. Lakini usiku uliofuata wanajeshi waliingizwa kulinda maeneo nyeti ili kuwapa nafasi askari wenye silaha, na hiyo peke yake inaeleza akiba ilikuwa imebaki kiasi gani.

Kuna upande mwingine ambao askari wenyewe huuzungumza kwanza ukiwauliza: wagonjwa wa akili. Huduma za afya ya akili nazo zilizidiwa. Mtu akichanganyikiwa darajani saa nane usiku, anayekuja ni polisi, kwa sababu polisi ndiye asiyefunga ofisi. Wanampeleka hospitali, na inabidi wakae naye hadi apokewe. Saa nne, sita, wakati mwingine zamu nzima, askari wawili kwenye korido. Kikosi cha Humberside kiliamua mwaka 2020 kwamba kitaacha kupokea simu za afya ambazo hazina hatari ya haraka kwa maisha wala uhalifu, na London ikafuata mwishoni mwa 2023. Wapo waliofurahi, wapo waliouliza nani basi atakwenda darajani.

Kujaza tangi kwa haraka

Julai 2019 Boris Johnson aliingia madarakani na ahadi ya askari wapya 20,000 ndani ya miaka mitatu na ushei. Msomaji makini ataona kwamba idadi hiyo ni karibu ileile iliyokuwa imepotea. Machi 2023 lengo lilivukwa: askari 149,566, wengi kuliko wakati wowote kwa kuhesabu vichwa. Ukigawa kwa watu, ambao nao wameongezeka, bado ni wachache kuliko 2010. Lakini tuiache hesabu hiyo.

Jambo gumu ni umri wa kazi. Aliyeondoka 2011 alikuwa na miaka 30 kazini, aliyeingia 2022 alikuwa na miezi 9 lengo lilipotimia. Karibu theluthi moja ya askari wote wakawa na chini ya miaka mitano. Anayemfundisha mgeni naye ni mgeni wa juzi. Na katika mbio za kujaza nafasi, ripoti ya wakaguzi ya Novemba 2022 ilikuta vikosi vikipitisha waombaji ambao historia zao zilipaswa kuwazuia mlangoni.

Baroness Louise Casey alipochunguza polisi wa London na kutoa ripoti Machi 2023, vyombo vya habari vilishika neno la ubaguzi, na ilistahili. Mimi nilishikwa na jokofu. Vitengo vinavyopeleleza ubakaji vilikuwa vinatunza sampuli za ushahidi kwenye majokofu yaliyojaa kupita kiasi, mabovu, mengine yamefungwa kwa kamba. Kwenye jokofu moja lilikutwa kontena la chakula cha mchana cha mtu. Wakati wa joto kali la 2022 moja liliharibika na ushahidi uliokuwemo ukateketezwa. Jokofu si mstari wa mbele. Hakuna mwanasiasa atakayepigiwa makofi kwa kununua jokofu. Lakini mwanamke aliyejikaza akaenda kituoni, akapimwa, akasimulia, kesi yake ilikuwa ndani ya chombo kile.

Ahadi ya 20,000 ilikuja na sharti ambalo halikusemwa kwa sauti: pesa ilifungwa kwenye idadi ya askari wenye kiapo. Kikosi kilichoshuka chini ya lengo kilikatwa pesa. Kwa hiyo mkuu wa kikosi ambaye bajeti haikumtosha hakuweza kupunguza askari, ila aliweza kuacha kiti cha karani wazi. Askari mpya, aliyefundishwa kwa pesa nyingi kukimbia na kukamata, akakalishwa kwenye kiti kile kupokea simu na kupanga majalada.

Serikali ya Labour iliyoingia Julai 2024 imeahidi watu 13,000 zaidi kwa polisi wa mitaani. Aprili 2025 polisi wa London walitangaza kwamba pengo la pauni milioni 260 linawalazimu kupunguza nafasi 1,700 za askari, wasaidizi na raia. Timu ya kulinda bustani za kifalme ikavunjwa, na maofisa waliokuwa wamewekwa mashuleni wakaambiwa watahamishiwa kwenye timu za mitaa.